Mortdecai: muvi tuliyoizima katikati

Kuna muvi moja niliisema vibaya kwa miaka saba bila kuimaliza kuiangalia, na leo nataka niongee yote maana roho imenisuta vya kutosha. Inaitwa Mortdecai, ilitoka Januari 2015, stelingi ni Johnny Depp, ndiye Mortdecai mwenyewe, mke wake kwenye stori ni Gwyneth Paltrow, Ewan McGregor ni inspekta wa MI5, usalama wa taifa wa Uingereza, anayemmezea mate huyo mke, Paul Bettany ni baunsa na mtu wa kazi wa bosi, dairekta David Koepp. Ni komedi kuhusu bwanyenye wa Kiingereza anayefanya biashara ya michoro, anadaiwa kodi mpaka shingoni, halafu kuna mchoro wa Goya, yule mchoraji mkubwa wa zamani wa Hispania, umeibiwa na aliyekuwa anaukarabati kauawa, serikali inamtaka yeye autafute. Kama hujawahi kuisikia sikushangai, walioiona ni wachache na wengi wao walitoka wananuna.

Tulikuwa wanne, tunakutana kila Jumamosi jioni kwa mwenzetu mwenye skrini kubwa, kila mtu na zamu yake ya kuleta muvi. Zamu yangu ilipofika nikaleta hiyo. Na nilileta nikiwa nimeshasoma kila kilichoandikwa juu yake, wakosoaji wameiponda, imebuma, Depp amekwisha, kwa hiyo kabla hata taa hazijazimwa nilishawaambia wenzangu jamani hii ni mbovu balaa, mtaona wenyewe. Sasa fikiria mtu anaangalia komedi huku ameshaambiwa haichekeshi. Kila mzaha uliokuja sisi tulikuwa tunaukagua kama askari anavyokagua mzigo, Depp akipinda mdomo mmoja anaguna, akishika masharubu mwingine anasema haya tena ameanza, na mimi niliyeileta ndio nilikuwa naguna kwa sauti kuliko wote maana nilitaka waone kwamba sikudanganya. Pale jamaa anatekwa anapelekwa Moscow kuteswa kwa umeme tukazima. Tukaweka nyingine, wala siikumbuki ilikuwa ipi.

Tangu hapo ikawa ndio mfano wangu. Mtu akiuliza muvi mbovu kuliko zote ulizowahi kuona nasema Mortdecai, bila kusita, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama niliimaliza.

Na ni kweli kwamba ilianguka vibaya, hilo sitaki kulipunguza. Bajeti ilikuwa dola milioni 60. Wikiendi ya kwanza Marekani ikaingiza dola milioni 4 na kidogo, ikawa ya tisa kwenye orodha, wakati huohuo muvi ya vita ya Clint Eastwood, American Sniper, inavunja rekodi chumba cha jirani. Dunia nzima mpaka inaondolewa ilikuwa haijagusa dola milioni 50, na mjue kwenye kila tiketi mwenye jumba la sinema anakata chake, na matangazo yana hela yake nje ya bajeti, yaani muvi ya milioni 60 ikirudisha milioni 60 bado ina hasara, sasa hii haikufika hata hapo. Wakosoaji walioisifia hawakufika hata mmoja kati ya watano. Halafu Depp mwenyewe alikuwa anatoka kubuma mara mbili mfululizo, The Lone Ranger 2013 na Transcendence 2014, kwa hiyo watu walikuwa wanasubiri tu aanguke tena waseme si tuliwaambia. Ilivyotoka trela, masharubu. Zikatoka posta, kila mhusika kabandikwa masharubu, mpaka wanawake. Mtu ambaye hajui kitu kuhusu hiyo stori alichoambiwa ni kwamba kuna mwanaume ana masharubu na hicho ndicho kichekesho, basi. Mimi kama ningekuwa natoa hela yangu mfukoni kwa tangazo lile nisingetoa.

Sasa 2022 dada yangu akafanyiwa operesheni ya kuondoa kifuko cha nyongo. Dada yangu ni mtu wa vitabu toka tukiwa wadogo, yule ukimkosa ndani jua yupo nyuma ya nyumba na kitabu. Aliporudi nyumbani dawa za maumivu zilikuwa zinamzungusha kichwa, akishika kitabu herufi zinacheza, akawa analia, na sio maumivu yaliyokuwa yanamliza, ni kukosa kusoma. Nikamwambia basi lete nikusomee. Akanionyesha kitabu juu ya rundo, cha Kyril Bonfiglioli, Don't Point That Thing at Me, cha kwanza cha huyohuyo Mortdecai. Nikacheka nikamwambia dada hiki ndicho kilichozaa ile takataka. Akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, soma."

Nikasoma. Kinaanza usiku, msimulizi amekaa mbele ya moto anachoma fremu ya mchoro, fremu ya zamani iliyochongwa na kupakwa dhahabu, na anakueleza kwa utulivu inavyolia inapoungua, kama mtaalamu anayekufundisha, taratibu, kistaarabu, na wewe unamsikiliza kwa heshima mpaka unashtuka kwamba huyu bwana anachoma ushahidi, na polisi amekaa naye chumba hichohicho anamuangalia. Hajakuambia kwamba ni mwizi. Amekuacha uligundue huku ameshakukalisha kwenye kiti chake kizuri kama mgeni.

Ukurasa wa tatu au wa nne dada yangu akaweka mto juu ya mshono. Nikadhani anaumia nikasimama. Akanionyesha kwa mkono endelea. Alikuwa anacheka kwa pua, midomo ameibana, machozi yanamtoka, kwa sababu akicheka wazi mshono unavuta. Tukaenda hivyo siku kumi na kitu, kila jioni kurasa ishirini thelathini, mto umekaa juu ya tumbo, na mimi nasoma Kiingereza cha watu wazima wa zamani nikijikwaa, pengine nasimama namgeuzia sentensi kwa Kiswahili aone kama inachekesha bado. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho miaka yote ya kuangalia muvi sikukijua. Utani wa yule jamaa umekaa kwenye jinsi anavyosema, kwenye matukio yenyewe haupo sana. Ukisoma kimoyomoyo unaweza kuupita. Ukisoma kwa sauti unaupata mdomoni, unausikia: sentensi inaondoka kistaarabu, inazunguka, inasifia mvinyo, inasifia kitambaa cha koti, halafu neno la mwisho linaangusha kila kitu. Ukiwahi kidogo kulitamka umeua. Ukichelewa pia umeua. Mimi siku za kwanza niliua nyingi sana, dada akawa ananiambia rudia hiyo, ulikimbia.

Halafu jamaa ni muongo, na muoga, na anakuambia kabisa kwamba ni muoga lakini anakuambia kwa namna ambayo unamuonea fahari. Hiyo inawezekana kwa sababu uko ndani ya kichwa chake. Hakuna mtu mwingine pale, ni wewe na yeye, anakunong'oneza.

Bonfiglioli mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa michoro, aliuza sanaa Oxford, katikati ya miaka ya 1960 akawa mhariri wa gazeti la hadithi za kisayansi, Science Fantasy, kwa hiyo yale mambo ya minada na fremu na vanishi hakuyatoa hewani. Mwanzoni kabisa mwa kitabu anakana kwamba anajisimulia yeye, anasema ni kuhusu mfanyabiashara mwingine wa sanaa, mnene, wa makamo, asiye na maadili. Hilo neno mwingine ndilo linalomaliza kila kitu, dada yangu alilirudia siku nzima. Kitabu hicho kilipata tuzo ya waandishi wa hadithi za uhalifu Uingereza, ile ya John Creasey, 1973. Lakini hakikumtajirisha. Aliandika vitatu vya Mortdecai, na hata mpangilio wake ni wa ajabu, Something Nasty in the Woodshed kilitoka 1976, After You with the Pistol kikatoka 1979 wakati kwenye stori chenyewe ndicho kinachotangulia. Akafariki kisiwani Jersey 1985, kingine ameacha hakijaisha, The Great Mortdecai Moustache Mystery, mwandishi mwingine Craig Brown akakimalizia, kikatoka 1999. Muda wote huo vitabu vilikuwa na wasomaji wachache lakini wagumu, wale ambao ukiwaazima kitabu hakirudi, wanampa mwingine, ndivyo vilivyoishi.

Sasa, tulipomaliza cha kwanza dada akasema tuweke muvi. Nikasita, nilikuwa najua nitakavyoonekana. Tukaweka.

Na nitasema bila kuficha, nusu saa ya kwanza niliichukia zaidi ya 2015, safari hii nikiwa na sababu. Mortdecai wa kitabu ni mnene, anakiri mwenyewe amezidi uzito na sura nzuri imebaki masalia, halafu wamempa Depp mwembamba kama kijiti. Wa kitabu cha kwanza hana mke, Johanna, yule anayechezwa na Paltrow, ni mke wa tajiri wa Kimarekani Krampf na baadaye mjane wake, ni mpaka kitabu kinachofuata ndipo wanaoana. Muvi inaanza wameshaoana. Na yale masharubu yanatoka kwenye kile kitabu cha mwisho ambacho mwandishi hakukimaliza, kule ndiko Mortdecai anafuga masharubu na Johanna anayachukia, yaani wamechukua kitu cha mwisho kabisa wakakiweka mbele ya kila kitu. Nikawa nahesabu makosa kwa vidole, hiki hakipo, hiki wamegeuza. Dada akaniambia kwa upole tu, unafanya kilekile ulichofanya na wenzako, safari hii umeleta kitabu badala ya gazeti. Iliniuma. Nikanyamaza nikaangalia.

Hapo lazima nitoke nje ya muvi kidogo nielezee jambo langu, bila hilo sidhani kama ningeelewa.

Mimi na rafiki zangu wawili tulikuwa tunarekodi vichekesho vifupi kwa simu, vya dakika tatu nne. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na stori moja aliyoisimulia kila tukikutana familia, jinsi alivyoazima suti kwa ajili ya harusi, mwenye suti akamuazima kupitia mtu wa tatu bila kujua inaenda kwa nani, wakaja kukalishwa meza moja. Mjomba akiisimulia watu wanashika mbavu, watoto wameshaijua kwa moyo na bado wanaitaka. Alipofariki nikasema niirekodi iwe kumbukumbu yake. Tukaandika skripti, tukatafuta suti, tukapanga meza. Siku ya kuangalia tulichorekodi, kimya. Wanaume wawili wamekaa wanakula, mmoja suti imembana. Basi. Tukajiuliza kichekesho kiko wapi, maana tulikuwa tumeweka kila tukio la stori kwa mpangilio wake. Rafiki yangu akasema tuongeze, tukaongeza jamaa anamwaga mchuzi kwenye kola, tukaongeza kofia kubwa, tukamwambia aongee kwa sauti nyembamba, na kila tulichoongeza kilizidi kuifanya iwe kelele. Tuliirusha ikapita kimyakimya. Mama yangu aliiona akasema tu, "Mmejitahidi," na sijasahau sauti yake mpaka leo.

Kichekesho cha mjomba kilikuwa kwenye aliyokuwa anayawaza akiwa amekaa pale. Anahesabu vifungo kama vyote vipo, anajiuliza kwa nini huyu bwana anamtazama bega la kushoto, anakumbuka kwamba mfukoni mwa suti aliona karatasi na hakuisoma, sasa anaisoma chini ya meza, ni risiti ya fundi yenye jina la yule yule anayempa chumvi. Kamera haioni mtu anawaza. Kamera inaona mtu amekaa.

Sasa rudi kwa Mortdecai. Wale watu, mwandishi wa skripti Eric Aronson na Koepp, walikuwa na shida ileile niliyokuwa nayo mimi na suti, tofauti wao walikuwa na dola milioni 60. Na Koepp sio mtu wa kubahatisha, huyu ni mmoja wa walioandika Jurassic Park ya 1993, akaandika Spider-Man ya 2002, alishamuongoza Depp kwenye Secret Window 2004, mtu anayejua stori inavyosogea. Waliweka sauti ya Mortdecai anasimulia hapa na pale lakini ni kidogo, na sauti ikishakuwa kidogo haikushiki mkono. Ile siri ya mimi na wewe inapotea, unabaki unamuangalia bwana mmoja mwenye majivuno kutoka nje. Na majivuno ukiyaona kutoka nje bila kusikia woga uliopo ndani yanachosha haraka sana. Ndipo Depp akaingia na kofia yetu kubwa. Yale macho, ule mdomo, ile sauti ya puani, yale masharubu, yote ni mtu anajaribu kuutoa nje kwa mwili utani ambao umeandikwa ukae ndani ya sentensi. Niliona hilo na kwa mara ya kwanza sikumcheka, nilimhurumia, maana anafanya kazi kweli, hakuna sini hata moja amelegea. Watu waliandika kwamba alikuwa anajifurahisha mwenyewe. Mimi naona mtu anayebeba gunia zito na anatabasamu ili wewe usijue ni zito.

Ila sio kwamba nimegeuka sasa naitetea kila kitu, hapana. Binti wa Krampf, anayechezwa na Olivia Munn, wamempa jambo moja tu la kufanya muvi nzima, kutaka kulala na kila mtu, na halikuwa la kuchekesha 2015 na sasa ndio kabisa. Katikati wakifika Los Angeles mwendo unalegea, unaona wazi stori inatafuta pa kwenda. Na utani wa kurudiarudia wapo wanaoupenda mimi sio mmoja wao, ukiurudia mara ya nne lazima uwe umebadilika kidogo, wao pengine wanaurudia vilevile.

Lakini kuna vitu viwili pale ambavyo tungevikuta tusingezima.

Cha kwanza ni Paul Bettany. Anacheza Jock, yule mtu wa kazi, na Jock wa kitabu ni jitu la kutisha, la mtaani kabisa, na Bettany amemchukua akampa utulivu. Bosi wake anampiga risasi kwa bahati mbaya, zaidi ya mara moja, na kila mara anapokea kama mtu aliyemwagiwa chai, anaangalia jeraha, anaangalia bosi, anaendelea na kazi. Hafanyi kitu na uso. Halafu muangalie Depp pembeni yake anavyofanya kila kitu na uso, wawili hao wakiwa kwenye fremu moja ndipo muvi inapumua, na nadhani Koepp aliliona hilo maana anawaacha wote wawili kwenye picha moja bila kukata kata. Dada yangu alicheka wazi mara ya kwanza toka operesheni kwenye sini yao, akakamata mto amechelewa, akasema "aah!" halafu akaendelea kucheka hivyohivyo.

Cha pili, na hiki ndicho kilichonifanya niandike yote haya, ni ndoa. Johanna wa Paltrow ana akili kuliko mumewe, anaifuatilia kesi kivyake na anafika mbele yake, inspekta amempenda toka wakiwa chuo Oxford na yeye anajua na anaitumia hiyo bila kumvunjia mtu heshima. Na hawezi kumbusu mumewe. Akimkaribia masharubu yanamfanya atapike, kweli, anaanza kujikaza koo linacheza, na mumewe akimuona mkewe anataka kutapika na yeye anaanza, ni mwili tu, hawezi kujizuia. 2015 tulisema huu ni utoto. Safari hii nikaangalia wanavyoangaliana kabla ya kila jaribio. Wanataka. Kila mara wanadhani leo itawezekana. Mume amefukuzwa anaenda kulala chumba cha wageni na bado anamtetea mkewe, naye mke bado anarudi kumuokoa. Mtu anayefanya mwenzake augue na ugonjwa unampata yeye pia, sijaona muvi nyingine ikasema hivyo kuhusu watu wawili waliozoeana. Dada yangu ameolewa miaka kumi na nne, akaniambia bila kuondoa macho kwenye skrini, "Hiyo ni ndoa hiyo, we hujui." Sikuwa na la kujibu.

Na hiyo haipo kwenye kitabu, sio kwa upole huo. Hapa wapenzi wa vitabu watanikasirikia lakini nasema nilivyoona. Mortdecai wa Bonfiglioli ni katili. Anachekesha mpaka unaumwa lakini anadharau wanawake, anadharau wageni, anadharau karibu kila mtu, na mwisho wa kile cha kwanza amejibanza kwenye pango huko Lancashire anawindwa, na huo mwisho unaganda damu. Na kile cha 1976, kinachotokea Jersey, stori yake inazunguka mbakaji, nilisoma kurasa chache kimoyomoyo kwanza nikamwambia dada hiki sitakisoma kwa sauti, ukipona utakisoma mwenyewe. Muvi ilimchukua mtu huyo ikampa mtu wa kumpenda toka dakika ya kwanza, na ikamfanya apendeke. Wapo wanaosema hapo ndipo walipomuharibu, wamemng'oa meno. Nawaelewa. Ila mimi naona pale ndipo walipofanya kitu chao wenyewe, badala ya kukimbizana na sauti ambayo kamera haiwezi kuishika walitafuta jambo ambalo kamera inaliweza, watu wawili wanakaribiana na kitu kati yao kinawazuia. Tatizo wakalificha katikati ya magari na Warusi na msimbo wa dhahabu ya Wanazi nyuma ya mchoro, halafu posta ikauza masharubu kana kwamba masharubu ni kichekesho, wakati kwenye muvi masharubu ni kizuizi, ni ule ukaidi mdogo ambao kila mtu anao ndani ya nyumba yake.

Sini ya mwisho wako kwenye beseni la kuogea wote wawili. Tuliirudisha nyuma mara mbili. Yeye yuko tayari kunyoa, mke anamuambia yabaki, wanabusiana, na mwili unafanya yaleyale uliyofanya toka mwanzo. Hakuna kilichopona. Wamekubaliana tu.

Wale wenzangu watatu niliwatafuta. Mmoja tumepotezana, wawili nikawaambia kwamba ile muvi niliyowaambia ni mbovu sikuwa nimeiona na niliwaharibia, nikawaomba radhi kabisa, wakacheka wakasema wewe nawe, miaka yote hiyo. Mmoja alikuja. Nikamuwekea na sikusema neno, na hiyo ilikuwa kazi, kuna mahali niling'ata ulimi. Alicheka mara sita, nilihesabu. Los Angeles alishika simu. Beseni alikuwa ameweka simu chini.

Stori ya suti nimeirekodi upya mwaka jana. Hakuna suti safari hii, hakuna meza. Nimekaa kwenye kiti naisimulia kwa sauti yangu, taratibu, kama nilivyojifunza kumsomea dada, na pale kwenye risiti nikasubiri kidogo kabla ya kutaja jina. Mke wa mjomba alinitumia sauti asubuhi yake, dakika nne nzima, nusu ya kwanza analia, nusu ya pili ananisahihisha: haikuwa risiti ya fundi, ilikuwa ya dobi, na mjomba alikuwa anaisema hivyo kila siku, mimi ndiye niliyesahau.